Nyimbo zile zile: Kolwezi na ubishi wa orodha ya konseti

Mwanamuziki wa Kongo Fally Ipupa alitangaza onyesho la Stade de France, Paris, la tarehe 2 Mei 2026, kisha akaongeza la pili kesho yake, tarehe 3. Siku mbili mfululizo katika uwanja mmoja huzaa swali ambalo mashabiki wa rumba hawakulizoea, ingawa wapenzi wa roki wa Ulaya na Marekani wamelibishania miaka mingi: je, aliyekata tikiti za siku zote mbili atasikia nyimbo zile zile mara mbili?

Katika miji ya shaba ya mkoa wa Lualaba, kusini mwa Kongo, swali hilo linageuka. Kolwezi haipewi siku mbili. Inapewa moja, kisha miaka inapita. Msanii wa Kinshasa akishateremka katika uwanja wa Dominique Diur, ambao wengi bado wanauita Manika, atakachoimba usiku ule ndicho watu watakachokuwa nacho mpaka atakaporudi, kama atarudi. Hata hivyo kesho yake lawama ni ile ile inayosikika Lubumbashi, Goma na Brussels: ameimba zile zile. Wengine wanamtetea: ulitaka aimbe zipi, kama si zile zilizokutoa nyumbani?

Ubishi huu ni wa dhati na una uzito. Tatizo ni kwamba wabishi wengi hawabishani juu ya jambo moja.

Lawama nne ndani ya sentensi moja

Mtu anaposema "ameimba zile zile", anaweza kuwa na mojawapo ya malalamiko manne.

La kwanza ni orodha yenyewe: nyimbo za Kinshasa ndizo za Lubumbashi, ndizo za Kolwezi, kwa mpangilio ule ule. La pili ni uchache wa nyimbo. Onyesho limeanza saa nyingi baada ya muda uliotangazwa, msanii amekaa jukwaani kidogo, na zilizoimbwa ni zile tu zinazojulikana kuliko zote. La tatu ni playback: sauti inayosikika ni ya studio, na msanii anaitikia juu yake. La nne ni mabanga, yaani majina ya matajiri na wakubwa yanayotajwa ndani ya wimbo, yakila dakika ambazo zingeweza kuwa za wimbo mwingine.

Lalamiko la kwanza peke yake ndilo la orodha. Matatu yanayobaki yanahusu muda, muziki wa moja kwa moja na fedha. Yakichanganywa, msanii anapata njia rahisi ya kujitetea: atajibu lile jepesi na kuyaacha mazito. Atasema mashabiki ndio wanaodai nyimbo kubwa, na atakuwa amesema kweli, lakini hatakuwa amemjibu aliyelipa kiingilio akasikilizishwa faili la kompyuta.

Ilivyokuwa kabla ya viwanja

Muziki huu haukuzaliwa uwanjani, na jambo hilo linaeleza mengi. Bendi ya OK Jazz ilianza Juni 1956 katika baa ya Léopoldville, Kinshasa ya leo, na tangu miaka ya 70 kiongozi wake, Franco, alikuwa na mahali pake mwenyewe, Un-Deux-Trois. Bendi iliyokuwa ikipiga mahali pamoja wiki baada ya wiki iliwapigia watu wale wale. Mteja wa Jumamosi hii alikuwa pale Jumamosi iliyopita, na akisikia nyimbo hizo hizo kwa mfululizo huo huo, wiki ijayo atahamia baa ya jirani. Kubadilisha nyimbo ilikuwa njia ya kuwabakiza wateja. Wimbo mpya uliweza kujaribiwa mbele ya wachezaji, ukarekebishwa, ukaingia studio ukiwa umekomaa. Hazina ya Franco, ambayo huhesabiwa kuwa na nyimbo zaidi ya 1,000, ilikua katika mazingira hayo.

Dar es Salaam ilikuwa hivyo hivyo. Msondo, iliyoanza kama NUTA Jazz mwaka 1964, na Mlimani Park Orchestra, Sikinde, iliyoanza mwaka 1978, zilishindana kwa nyimbo mpya kwa sababu mashabiki wao walikuwa wakaaji wa mji mmoja wanaozunguka kumbi zile zile. Katika Katanga ya makampuni ya madini, Union Minière na baadaye Gécamines, kambi za wafanyakazi zilikuwa na cercle zao, yaani kumbi za burudani, na bendi za mahali ziliwapigia watu wanaofahamiana kwa majina, wanaokutana tena asubuhi mgodini.

Uwanja ulivunja uhusiano huo. Watu elfu kadhaa wanakuja mara moja, hawajuani, na wengi wao wanajua nyimbo za msanii kumi au kumi na tano. Kisha ikaja enzi ya Bercy, Paris: Koffi Olomidé na Werrason mwaka 2000, JB Mpiana mwaka 2001. Maonyesho yale yalirekodiwa yakauzwa kwa kanda na diski, yakaangaliwa sebuleni Kolwezi, Bukavu na Nairobi kwa miaka. Konseti ikawa kitu cha kuhifadhiwa, na kitu cha kuhifadhiwa hupangwa dakika kwa dakika. Mavazi, kuingia jukwaani, ngoma mpya, vyote vilifanyiwa mazoezi kwa ajili ya kamera kama vile kwa ajili ya watu walioketi ukumbini.

Siasa nayo iliingia. Miaka ya 2010 Wakongo wa ughaibuni waliojiita combattants waliwazuia wanamuziki waliowaona kuwa karibu na serikali wasipige Ulaya. Fally Ipupa alipopiga Bercy tarehe 28 Februari 2020, moto uliwashwa mitaa ya Gare de Lyon, karibu na ukumbi. Usiku mmoja ulitakiwa kubeba nyimbo za miaka mingi ambazo Paris haikuwahi kuzisikia jukwaani. Mzigo wa namna hiyo hauachi nafasi ya majaribio. Unaimba zile ambazo watu wamezisubiri.

Kwa nini programu imeganda

Sababu ya kwanza inahesabiwa kwa viti vya ndege. Kinshasa na Kolwezi haziunganishwi na barabara ambayo bendi inaweza kuitegemea, kwa hiyo safari ni ya anga, ama moja kwa moja, ama kupitia Lubumbashi na kisha karibu kilomita 300 za barabara kupitia Likasi. Orkestra kamili ina gitaa la solo, mi-solo (gitaa la kati), gitaa la kusindikiza, besi, drams, tumba, kinanda, safu ya waimbaji, atalaku (mpaza sauti anayeuchochea umati) na wachezaji. Hao wanapita ishirini bila shida, kila mmoja na kitanda chake na chakula chake, katika mji ambao hoteli zake zinawategemea wageni wa migodi. Mwandaaji anapiga hesabu, msanii anapiga hesabu, na wote wawili wanafikia jibu moja: aje mwimbaji, wachezaji wanne, atalaku, DJ na kompyuta.

Hapo orodha inakuwa imeshaamuliwa. Kompyuta inapiga mafaili yaliyotayarishwa. Shabiki wa pourtour, yaani ngazi za saruji zinazouzunguka uwanja, akipaza sauti kuomba wimbo wa albamu ya zamani, hakuna mpiga gitaa wa kuukumbuka. Wengi wanaona uvivu hapa. Mimi naona zaidi matokeo ya bajeti, na ndiyo maana lawama zinazomlenga mwimbaji peke yake hazibadilishi kitu.

Sababu ya pili ni mitambo. Katika maonyesho makubwa ya Ulaya picha za skrini, taa na moshi vinaendeshwa kwa mfumo wa muda ule ule unaoendesha muziki. Kila wimbo una video yake na mwanga wake. Kuhamisha wimbo wa saba ukawa wa tatu ni kazi ya watu wengi. Kolwezi haina mitambo ya kiwango hicho, lakini inarithi mpangilio uliotungwa kwa ajili yake: programu inasafiri hata pale skrini ziliposhindwa kusafiri.

Sababu ya tatu inaumiza. Tarehe 29 Oktoba 2022, Fally Ipupa akipiga Stade des Martyrs, Kinshasa, watu 11 walikufa katika msongamano. Tarehe 27 Julai 2024, katika uwanja huo huo, watu 9 walikufa kwenye konseti ya mwimbaji wa injili Mike Kalambayi. Baada ya vifo hivyo, mwenye dhamana ya usalama ana haki ya kutaka kujua onyesho linaanza saa ngapi, linaisha saa ngapi, na ni wimbo gani ukianza mageti yote yawe wazi. Programu inayojulikana mapema inasaidia kupanga hayo. Anayedai uhuru kamili wa jukwaa anapaswa kulijibu hili bila kulikwepa.

Ipo sababu ya nne, nayo ni simu. Konseti ya Kinshasa inarushwa vipande vipande siku ile ile, na kijana wa Musonoi au Kapata, vitongoji vya Kolwezi, anaiona kabla jua halijachomoza. Miezi sita baadaye, msanii akifika kwao, kijana huyo anahisi amekwisha kuliona onyesho. Zamani mpangilio ule ule ungekuwa mpya kwake. Sehemu ya hasira ya leo imetokana na kwamba mashabiki wanaona zaidi, hata kama wasanii hawajapunguza kitu.

Wanaotetea orodha ya kudumu

Upande huu una hoja nzito kuliko unavyosikilizwa mtandaoni.

Mchimbaji aliyetumia mshahara wa siku kadhaa kununua kiingilio hakuja kusikia mafumbo ya msanii. Amekuja kwa wimbo uliopigwa kwenye harusi yake, au uliokuwa redioni mwaka aliohamia Kolwezi kutoka Kasai. Msanii akiuacha wimbo huo kwa ajili ya kuwafurahisha mia mbili wanaojua kila albamu, amewanyima maelfu. Na kwa mji unaotembelewa mara chache, wimbo "uliochosha" Paris haujachosha mtu, maana haujawahi kupigwa hapa.

Tena kuna ubora. Bendi inayopiga nyimbo ishirini zile zile kila wiki inazipiga vizuri. Waimbaji wanajua ni nani anayepokea sauti ya pili, wachezaji hawagongani, mpiga drams hatazami nyuma kuuliza. Mwanaroki wa Marekani Bruce Springsteen, aliyejijengea jina kwa kubadilisha nyimbo kila usiku na hata kuimba zilizoombwa kwa mabango, alianza ziara ya mwaka 2023 na programu isiyobadilika sana. Mashabiki wake wa muda mrefu walilalamika. Lakini programu ile ilikuwa na mwanzo, kati na mwisho: mzee anayewakumbuka rafiki zake waliokufa, wimbo mmoja ukimwachia mwenzake nafasi. Ukiuchomoa mmoja, maana inapungua. Rumba nayo inaweza kufanya hivyo. Konseti inayoanza na nyimbo za taratibu, ikapanda hadi jenerike, ule wimbo mrefu wa kucheza, ina mantiki yake, na mwenye kuibomoa aseme anajenga nini badala yake.

Udhaifu wa hoja hii ni kwamba inatumiwa kufunika yasiyofunikika. Programu ya kudumu inayopigwa na watu kumi na wanane kwa saa tatu ni jambo moja. Ya faili kwa dakika hamsini ni jambo jingine, na mtetezi mkweli wa orodha ya kudumu hawezi kuitetea hiyo ya pili kwa maneno ya ile ya kwanza.

Wanaotaka mabadiliko

Hoja yao ya kwanza ni ya hazina. Fally Ipupa ametoa albamu kadhaa tangu Droit Chemin ya mwaka 2006, bila kuhesabu miaka yake katika Quartier Latin, bendi ya Koffi Olomidé. Albamu za Kongo ni ndefu, na nyingi ya nyimbo zake hazipandi jukwaani kabisa. Wimbo usiopigwa unasahaulika hata na wapigaji wake, na mtunzi wake anapoteza pia fedha, kwa kuwa orodha ya nyimbo zilizopigwa ndiyo msingi ambao shirika la haki za watunzi, kwa Kongo SOCODA, linapaswa kuutumia katika kugawa malipo.

Jambo hili ni gumu zaidi kwa bendi zilizogawanyika. Wenge Musica ilipasuka mwaka 1997, na kila upande ukaenda na nyimbo ambazo watunzi wake walibaki upande huo. Waliporudi pamoja Stade des Martyrs tarehe 30 Juni 2022, uzito wa usiku ule ulikuwa katika kusikia sauti zilizokaa mbali robo ya karne zikiimba tena kilichokuwa chao wote. Hapo wimbo mpya haukuhitajika. Ng'ambo ya mpaka, nchini Zambia, kundi la roki la WITCH, lililoundwa Kitwe katika mkanda huu huu wa shaba na kutoa albamu yake ya kwanza mwaka 1972, liliporudi jukwaani baada ya miongo lilichagua njia nyingine: lilibeba nyimbo za miaka ya 70 na bado likatoa albamu mpya, Zango, mwaka 2023. Msanii mkongwe ana haki ya kuendelea kuishi mbele ya mashabiki wake. Asipopewa nafasi hiyo anageuka mlinzi wa kaburi la ujana wao.

Hoja ya pili ni ya mahali, na kwa Lualaba ndiyo inayonigusa zaidi. Programu iliyotungwa kwa ajili ya Kinshasa imetungwa kwa Kilingala na kwa kumbukumbu za Kinshasa. Umati wa Kolwezi ni mwingine. Kuna wenyeji Wasanga na Walunda, kuna waliotoka Kasai, kuna vijana wa kutoka Kinshasa, na kuna madereva wa Tanzania na Zambia wanaoingia Kasumbalesa kuchukua shaba ya kupeleka Dar es Salaam, na bongo fleva ikiwa ndani ya kabini. Kinachowaunganisha hao wote ni Kiswahili. Wakubwa wa rumba wanazo nyimbo zenye Kiswahili: Fally Ipupa aliimba Inama na Diamond Platnumz mwaka 2019, na Koffi Olomidé aliimba naye Waah! mwaka 2020. Uwanja wa Kolwezi unaweza kuimba sehemu ya Diamond bila Diamond kuwepo. Msanii anayefika Lualaba na kuziacha nyimbo hizo ameacha mezani kitu kilichokuwa tayari. Na kama anataka kwenda mbali zaidi, amualike jukwaani mwimbaji wa nyumbani. Wimbo wa Tia wa RJ Kanierra wa Lubumbashi ulipita mipaka ya nchi bila kusubiri ruhusa ya Kinshasa.

Hoja ya tatu ni ya wanaorudia. Kundi la roki la Metallica, katika ziara yao iliyoanza Amsterdam Aprili 2023, waliahidi siku mbili katika kila mji bila kurudia hata wimbo mmoja. Taylor Swift, katika ziara yake ya 2023 na 2024, alikuwa na programu ngumu kama chuma lakini akaacha dirisha la nyimbo mbili zilizobadilika kila usiku, na dirisha hilo dogo likatosha kuwafanya watu wafuatilie kila mji. Haya yanawezekana.

Udhaifu wa upande huu ni kusahau gharama. Kila wimbo unaoongezwa unataka mazoezi, na mazoezi yanataka wapigaji waliolipwa. Kudai nyimbo arobaini kutoka kwa bendi isiyo na mishahara ya kudumu ni kudai kazi mbovu. Kisha kuna sauti zinazosikika kuliko wingi wao: anayedai wimbo adimu ni yule aliyeangalia maonyesho kumi kwenye simu, wakati aliyeketi juu ya saruji ya pourtour kwa mara yake ya kwanza hana akaunti ya kulalamikia.

Mabanga

Hapa sitazunguka. Katika konseti nyingi za mikoani, kitu pekee kinachobadilika toka mji mmoja hadi mwingine ni majina yanayotajwa. Lubumbashi wanasalimiwa wenye mali wa Lubumbashi, Kolwezi wanasalimiwa wenye mali wa Kolwezi, wengi wao watu wa madini. Wanaoyatetea wanasema mabanga yanamlipa mwanamuziki ambaye diski hazimlipi tena, na kwamba kusifu mfadhili ni desturi ya kale. Yote mawili ni kweli. Lakini jina linalotajwa mara tano ndani ya sebene, ile sehemu ya gitaa na kucheza, linauziba mlango ambao gitaa lilikuwa linapitia. Fedha hizo zingeweza kuingia kwa njia ya wazi, kwa mfano mfadhili kulipia nauli za wapigaji watano na akashukuriwa mara moja, mwanzoni, mbele ya wote. Angekuwa ameinunulia Kolwezi muziki.

Ndani ya sebene

Ubishi wa orodha unasahau kitu ambacho rumba inacho na ambacho roki nyingi ya viwanjani imekipoteza. Wimbo wa rumba una sehemu mbili. Kwanza beti, zilizotungwa na kufungwa. Kisha sebene, ambayo iko wazi.

Itazame kwa karibu. Mwimbaji anamaliza kiitikio, mpiga drams anapiga mkwaju mfupi, mdundo unakaza. Gitaa la solo linaingia na kifungu cha noti chache, linakirudia. Mi-solo inajibu katikati ya nafasi zilizoachwa. Gitaa la kusindikiza halitoki mahali pake, na kutotoka kwake ndiko kunakowapa wengine uhuru. Atalaku anaita ngoma, wachezaji wanabadilika. Kiongozi akiinua mkono, solo inaacha kifungu cha kwanza na kuchukua cha pili, na uwanja mzima unahisi sakafu imesogea. Wimbo uliorekodiwa kwa dakika sita unaweza kwenda kumi na tano, na dakika hizo za ziada hazijawahi kupigwa hivyo kabla ya usiku huo. Atalaku, aliyeingia katika muziki huu kupitia bendi ya Zaiko Langa Langa mwanzoni mwa miaka ya 80, alikuwa kiungo cha kuusoma umati: anaona watu wamechoka upande wa kushoto, anawaita wao.

Mkoa huu una mwalimu wake wa jambo hili. Mpiga gitaa Mwenda Jean-Bosco, wa Bayeke, watu wa Bunkeya iliyo ndani ya Lualaba ya leo, alirekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 mjini Jadotville, Likasi ya sasa. Wimbo wake wa Masanga ulimpeleka mbali. Aliurekodi tena na tena katika maisha yake, na wapiga gitaa waliouchunguza wanajua kwamba haukutoka sawa mara mbili: vidole vinabadilisha njia, besi inasogea, kifungu kipya kinachomoza. Mtu mmoja, gitaa moja, wimbo mmoja, na bado kuna cha kusikiliza.

Kwa hiyo orodha inaweza kuwa ile ile na konseti ikawa mpya, mradi sebene ipigwe na watu. Faili la kompyuta haliwezi kusogea. Sebene yake ni ndefu kwa kadiri ilivyokatwa studio, na atalaku aliye juu yake anaongea na umati bila kuwa na wapigaji wa kumfuata.

Kupima

Nikiziweka hoja hizi katika mizani, nasema lalamiko la orodha, kwa Kolwezi, ndilo jepesi kuliko yote manne, na lile la playback ndilo zito. Mji unaopata onyesho moja la msanii mkubwa kwa miaka unastahili nyimbo kubwa zote, na sioni sababu ya msanii kuomba radhi kwa kuziimba. Kinachoumiza ni kuzipata zimekufa. Wimbo unaojulikana kuliko wote, ukipigwa na orkestra kamili, utampa shabiki wa kila aina kitu: mgeni atapata wimbo wake, na mjuzi atapata sebene ambayo haikuwahi kuwepo.

Paris ni hesabu nyingine. Msanii anayeuza tikiti za siku mbili mfululizo katika uwanja mmoja anajua kwamba wapo wanaonunua zote mbili, na wengine wanasafiri kutoka Brussels au London. Kwao kubadilisha sehemu kubwa ya programu ni deni. Huko fedha zipo, bendi ipo, mazoezi yapo. Hapo sababu ya bajeti haisimami.

Kwa mikoa, kiasi cha haki nadhani ni uti wa mgongo usiobadilika, tuseme theluthi mbili za onyesho, na theluthi moja inayoachwa kwa ajili ya mahali: nyimbo zenye Kiswahili, wimbo wa albamu ya zamani uliochaguliwa na wenyeji, mgeni wa Lubumbashi au wa Kolwezi mwenyewe. Mpangilio huo hauvurugi mipango ya usalama, maana nyimbo za kubadilika zinaweza kuwekwa katikati, wakati mwisho unabaki unajulikana na saa ya kufungua mageti haiguswi.

Mashabiki hawana uwezo wa kulipata hili kwa kulalamika kesho yake. Mwenye uwezo ni mwandaaji wa Kolwezi, na uwezo wake una muda mfupi: unaanza siku anayopigiwa simu na meneja wa msanii, unaisha siku anayotuma avansi, yaani malipo ya awali. Katika siku hizo anaweza kuandika ndani ya mkataba idadi ya wapiga ala watakaopanda jukwaani, muda wa chini wa muziki wa moja kwa moja, na nyimbo tatu zitakazochaguliwa na mji. Anaweza kuitangaza idadi hiyo kwenye bango, chini ya picha ya msanii, ili anayenunua kiingilio ajue analipia watu kumi na wanane au DJ mmoja. Wapo wasanii watakaokataa. Wengine watasema bei inapanda, na itapanda kweli, kwa hiyo mwandaaji atalazimika kuchagua kati ya maonyesho matano ya faili kwa mwaka na mawili ya orkestra. Mimi ningechagua mawili.